Pazi Bado Anakula

Mpakani, 4 Januari 1979

Ndugu Ambrosi,

Salamu nyingi, mimi sijambo. Tumekatazwa kuandika tulipo, kwa hiyo mama yangu akikuuliza mwambie niko mpakani. Atatulia. Kwake mpakani ni mahali pa kusimama tu na kutazama upande wa pili.

Uliuliza mtunzi wa hadithi za picha kapewa kazi gani vitani. Nabeba. Miaka mitano nimemtungia Kifua Mpagazi maneno, namtoa Tabora na pembe begani, namfikisha Bagamoyo, namrudisha, kurasa nane kila mwezi, na mimi mwenyewe sijawahi kubeba kitu kizito kuliko daftari. Sasa nabeba masanduku ya makombora. Bega la kulia limeota sugu. Kumbe tulikuwa tunamwonea yule Kifua.

Sanduku moja linabebwa na watu wawili kwa mti, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mwenzangu ni Mzaramo wa Mzenga, Kisarawe, anaitwa Pazi Kibwana. Siku ya kwanza aliniuliza kabila. Niliposema Mnyamwezi, akatua upande wake wa sanduku chini, akasema babu yangu alipita kwao na msafara akanywa maji ya kisima chao bila hodi, kwa hiyo leo nibebe peke yangu. Nikajua nimepata mtani. Tangu hapo hatupumzishani. Nikilala ananifunika uso kwa kofia yake, anawatangazia watu kwamba Mnyamwezi wake amefariki, anayetaka viatu aje. Mimi namwita tumbo la serikali.

Nimemtia kwenye hadithi. Maneno ya Februari haya hapa, na kama kawaida nimechora vijiti, wewe vitie nyama. Pazi anakutana na Kifua kisimani na hataki abanduke bila hodi. Mchore tumbo mbele, pengo la jino la juu, kofia imelalia sikio la kushoto. Jina lake usilibadilishe. Amekubali kwa sharti moja, kwamba kila toleo aonekane anakula.

Likitoka, mtumie mkewe nakala moja. Anwani iko nyuma ya karatasi hii. Anaitwa Sikuzani.

Wako,
Yahaya Mabruki

*

Tabora, 2 Februari 1979

Kaka Yahaya,

Barua yako imenifikia imelowana, lakini imesomeka. Mimi mzima, na mguu ni uleule ulionibakiza nyumbani. Watu wa hapa siku hizi wananitazama huo mguu kama nimeuvunja kusudi.

Huyo Mzaramo wako ametuletea balaa. Toleo la Februari limekwisha siku nne. Abiria wa gari la Mwanza walilinunulia dirishani, na wenye tumbaku wa Urambo wameagiza mafungu mawili. Mzee Fakhrudin anaacha mtambo wake wa kuchapa, anakuja mezani kwangu kila asubuhi, anasimama na miwani yake mkononi, anasema, "Ambrosi, yule mnene mwongezeni. Kifua atembee, yule mnene aseme." Karatasi hana, anatafuta kama watu wanavyotafuta sabuni, lakini kwa Pazi anasema atapata.

Mkewe nimemtumia. Mzee amemwandika kabisa kwenye orodha ya wanaotumiwa kwa posta, kila mwezi, bure.

Bi mkubwa Mwanne, mama yako, alipita hapa. Nilimpa shikamoo, akanijibu, kisha akamtazama Pazi ukurasa wa tatu, akasema, "Huyu anamsumbua mwanangu," akacheka. Leta maneno ya Machi.

Ndugu yako,
Ambrosi

*

27 Februari 1979

Ndugu Ambrosi,

Pazi amekufa. Alhamisi tarehe 22, asubuhi. Tulitua sanduku, akaenda kando ya barabara kujisaidia, akakanyaga bomu la kutegwa.

Tulimzika siku ileile. Palikuwa na Wahehe, Wakurya, Wamakonde, na mimi. Walipokwisha kusawazisha udongo wote wakanigeukia, maana wanajua mtani ndiye wa kusema pale. Nikasema tungechimba pana zaidi, tumbo halikuzingatiwa. Wakacheka kidogo, kama inavyotakiwa. Halafu nikaenda kuosha masufuria, ilikuwa zamu yangu.

Sijalia. Si kwamba najikaza. Nakula, nalala, nabeba. Mwenzangu wa mti sasa ni Masolwa wa kwetu Igalula, kijana mzuri, haongei.

Naleta maneno ya Machi na Aprili. Utaona Pazi yumo. Usimtoe. Nikishika kalamu yeye ndiye anayesema, Kifua hanisemeshi tena. Mkewe ataarifiwa na wenye kazi hiyo, wameandika jina lake kwenye orodha mbele yangu. Hilo si letu. Wewe chora tu.

Mvua ni nyingi.

Yahaya

*

Mzenga, Kisarawe, 3 Aprili 1979

Kwa wakubwa wa gazeti la Kifua Mpagazi, Tabora,

Mimi ni Sikuzani Kondo, mke wa Pazi Kibwana. Nawashukuru kwa magazeti, la Februari na la Machi. Mume wangu aliniandikia mwezi wa kwanza kwamba Mnyamwezi mmoja anayebeba naye mzigo amemtia gazetini, nikadhani ni maneno yake. Kumbe kweli. Pengo mmelipatia. Kofia mmeipatia.

Tangu barua hiyo hajaniandikia nyingine. Ni mvivu wa kuandika, sikushangaa.

Sasa nieleze kwa nini nawasumbua. Wiki iliyopita alikuja mjumbe na karatasi, akaniketisha, akaniambia kuna jina la Pazi kwenye orodha ya waliofariki, mwezi wa pili. Nilimwambia huku kwetu ukirusha jiwe unampiga Pazi, aende akaulize ni Pazi yupi. Nikamletea gazeti la Machi. Nikamwambia, mtunzi wa hii yuko naye bega kwa bega, na huyu hapa anagombea maharage. Mjumbe alilisoma lote akacheka, akakunja karatasi yake, akasema ataenda kuuliza tena. Hajarudi.

Naomba mnijibu kwa maneno mawili tu, kwamba yuko salama. Mama mkwe hali vizuri tangu siku ile.

Wenu,
Sikuzani Kondo

*

Tabora, 19 Aprili 1979

Kaka Yahaya,

Pole sana. Niliandika pole kwenye barua ya Machi lakini sijui kama ilikufika, hukujibu kitu, ulileta maneno ya Mei tu.

Nakuambatishia barua ya mkewe Pazi. Isome ukiwa umekaa. Nilimsomea Mzee Fakhrudin, akavua miwani akaniuliza, "Huyu mama hajui?" Nikamwambia aliambiwa, sisi tukamwambia asiamini. Akarudi chumbani kwake, akafunga mlango.

Mimi nilichora Machi na Aprili kwa kuwa uliniambia mkewe ataarifiwa. Sasa niambie nimjibu nini. Nimejaribu. Mimi ni fundi wa rangi, Yahaya, naandika "Hoteli ya Wasafiri" na "Hapa Ndipo" ukutani. Wewe ndiye wa maneno, na wewe ndiye uliyemzika. Barua hii iandike wewe, na iandike sasa.

Hapa watu wanashangilia kwamba Kampala imeanguka, shule zimefungwa siku nzima. Natumaini mnarudi.

Toleo la Mei nimemchora Pazi kwa mgongo tu. Sikuweza uso.

Ambrosi

*

6 Mei 1979

Ndugu Ambrosi,

Barua zimefika zote mbili, ya Machi pia.

Bado tunatembea. Wanasema mbele kuna mji mwingine. Watu wa huku wanatupa ndizi na kutuimbia, nasi tunapunga mikono. Jana tulilala kwenye shule, ubaoni pameandikwa hesabu za kugawanya, nikazifanya zote. Nilipata sawasawa.

Ya shemeji nitaandika mimi. Mwache kwanza. Nimeanza mara tatu, "Kwa shemeji Sikuzani, baada ya salamu," halafu sioni kinachofuata. Mara ya nne nikaipindua karatasi nikachora visanduku upande wa pili, na kufika jioni toleo la Juni lilikuwa limekwisha. Ndilo hili. Pazi na Kifua wako Goweko, wanagombea kuku waliyemwibia mzee mmoja, na Pazi amekwisha kula paja. Nadhani ni zuri. Masolwa alilisoma akacheka, na huyo hacheki.

Kwenye kisanduku cha mwisho nimemtia neno la mkewe, asihangaike wakati natafuta namna ya kuanza. Pazi anageuka kwa msomaji, anasema: "Mke wangu akiuliza, mwambieni nimenenepa."

Mchore kwa uso.

Yahaya

*

Mzenga, 31 Mei 1979

Kwako mtani wangu Yahaya Mabruki,

Hawakunijibu wakubwa zako, lakini gazeti la Juni limefika na jibu nimeliona. Kwa hiyo shikamoo sikupi, wewe mpagazi wa babu yangu. Unamlisha mume wangu kuku wa kuibia, akirudi hapa atazoea vibaya, nani atampa kuku kila siku? Na wewe unavyojipendelea, Kifua mwembamba, Kifua mwerevu. Nitakuona hapa kwangu siku moja, nitakubebesha kuni toka Mzenga mpaka Maneromango ndipo unywe maji.

Nimecheka, nisikufiche. Nimecheka mbele ya mama mkwe, naye akaomba asomewe tena, akala ugali wote siku ile.

Mwambie mwanawe Abasi anatembea. Alianza siku tano baada ya maulidi, akamfuata mbuzi. Mwambie paa la nyuma nimeezeka. Mdogo wangu anaolewa mwisho wa Juni, nimenunua doti mpya ya kanga, na nitasuka. Mwambie asiponiandikia kwa mkono wake mwenyewe kabla ya harusi nitawaambia wageni kwamba sina mume, nina gazeti.

Mtunze. Ana tabia ya kulala bila kufunika kifua.

Mtani wako,
Sikuzani Kondo

*

Tabora, 8 Juni 1979

Yahaya,

Hii namkabidhi askari wa kwetu anayerudi huko, ikufike mkononi. Ndani yake kuna barua ya mke wa Pazi. Nimeifungua kwa kuwa ilikuja kwangu. Nisamehe kwa hilo.

Kile kisanduku cha mwisho nilikichora. Uliniambia kwa uso, nikakitia uso. Nilijua ninachochora, na nilikaa nacho siku mbili kabla ya kumpelekea mzee. Hilo ni langu, sikutupii.

Lakini simchori tena. Mzee Fakhrudin nimemwambia, hakubisha. Alisema hata watu wakiacha kununua, basi waache. Julai hakuna Pazi, na Kifua atakwenda Igalula peke yake hata kama hana la kusema, nimchore anatembea kurasa nane.

Wewe unasema huoni kinachofuata baada ya salamu. Kinachofuata ni kwamba amekufa. Ni neno moja tu. Yule mama ananunua kanga za harusi, Yahaya. Mjane anasuka nywele kwa sababu yetu. Usipomwandikia, nitapanda gari na mguu wangu huu mpaka Dar es Salaam, nitauliza njia ya Mzenga, na nitamwambia mimi kwa mdomo, na nitamwambia pia kwamba ulijua.

Nakupenda kama ndugu. Andika.

Ambrosi

*

22 Juni 1979

Kwa shemeji Sikuzani,

Barua hii haina utani.

Pazi alikufa Alhamisi tarehe 22 Februari, kiasi cha saa mbili asubuhi. Tulikuwa tumetua mzigo. Alikwenda kando ya barabara akakanyaga bomu la kutegwa. Hakusema kitu, na nisingekudanganya kwa hilo, nilimfikia mara moja. Usiku alikuwa amekula maharage na mahindi, asubuhi chai. Tulimzika saa nane mchana, ameelekezwa kibla. Yupo Mmakonde mmoja anayejua kusoma, alimsomea. Juu ya kaburi tumeweka mawe na kofia yake. Mahali penyewe nimepaandika kwenye karatasi nyingine, ndani ya bahasha hii, pamoja na jina la kijiji. Tumekatazwa, lakini mkuu akiiona, basi na aione.

Yule mjumbe alikuwa na karatasi sahihi.

Mimi nilijua tangu siku ile. Nilijua nikiandika ya Machi, na ya Aprili, na ya Mei. Nilijua pia nikiandika kwamba amenenepa. Ambrosi mchoraji aliniambia nikuandikie tangu mwezi wa nne, kwa hiyo usimhesabu.

Sababu ya kukutosha sina. Tulibeba sanduku moja miezi miwili, yeye mbele mimi nyuma, nikiutazama mgongo wake. Alipokufa sikusikia kitu, na mpaka leo sisikii kitu, shemeji, nakwambia kama ilivyo. Isipokuwa nikikaa na karatasi. Hapo anakuja, anataka chakula, ananitukana. Nikikuandikia wewe ingebidi aache kuja. Nilichagua aje. Nilifanya hivyo kwa mumeo na kwako wewe, na sikuwa na haki.

Tunasikia tutarudi karibuni. Nikishuka Dar es Salaam nitakuja Mzenga, nikae matangani kama mtani anavyopaswa, mnifanye mtakalo.

Nakupa pole. Mpe pole mama mkwe.

Yahaya Mabruki

*

Mzenga, 22 Julai 1979

Kwako Yahaya Mabruki,

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe 12 Julai. Ilisomwa na kaka yangu, kwa kuwa mimi nilidhani ni ya utani, nikampa awasomee watu.

Ahsante kwa karatasi ya mahali. Kaka ameiweka ndani ya msahafu. Khitima tumesoma Ijumaa. Mjumbe alikuja, nilimwomba radhi mbele ya watu, naye alilia, yeye ndiye aliyelia kuliko wote. Mama mkwe anakaa mlangoni.

Sasa nikwambie lililonipata, maana wewe ni mtu wa kuandika na huenda hujui.

Siku ya pili nilikwenda kwa shehe kuuliza juu ya eda, nianze lini kukaa, nivae nini, nani anihudumie. Akaniuliza mume amekufa lini. Nikamwambia Februari ishirini na mbili. Akahesabu kwa vidole, kwa miezi ya kiislamu, akahesabu tena. Akaniambia, mwanangu, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si tangu siku aliyosikia mke. Yako ilianza mwezi wa pili. Imekwisha Juni thelathini. Huna deni la eda, uko huru, ukitaka hata kuolewa unaolewa.

Juni thelathini ilikuwa harusi ya mdogo wangu. Nilikuwa nimesuka, nimejipaka hina mpaka viwikoni, nimefunga ile doti mpya, nacheza katikati ya ua. Watu wananiuliza Pazi hajambo, nawaambia amenenepa. Siku ya mwisho ya eda yangu niliimaliza hivyo.

Barua yako uliiandika Juni ishirini na mbili. Ingefika upesi ningepata japo siku mbili tatu. Ungeiandika mwezi wa nne, alipokwambia mwenzako, ningepata zaidi ya miezi miwili. Ungeandika siku ileile, ningeikalia yote. Nimezihesabu hizo siku kila namna.

Unasema husikii kitu. Mimi nilikuwa nasikia furaha. Nani katika sisi wawili aliyefanyiwa vibaya, sitaki unijibu. Nilikuwa na miezi minne na siku kumi ya mume wangu, ya kwangu mimi, Mungu amenipa, ya kukaa ndani na kuwa mjane wake. Hiyo eda umeikalia wewe, mwanamume, na Pazi wangu, mkila kuku huko Goweko.

Watani walikuja, Wanyamwezi wa hapa walio kwenye mashamba ya mkonge. Walitaka kufanya kazi yao, mmoja akalala chini akaomba maji kwa sauti ya Pazi kama alivyosimuliwa. Niliwaomba waondoke. Wewe usije.

Tangu Jumatatu nimevua bangili, nimefumua nywele, nimevaa kaniki, nimekaa ndani. Shehe kaja mwenyewe kuniambia si lazima, kwamba dini hainidai. Nimemwambia najua si lazima. Kaka anasema nitaonekana nimechanganyikiwa, mjane wa nusu mwaka anaanza leo. Waone wanavyoona. Ramadhani inaingia wiki hii, nitafunga nikiwa humu humu. Nitatoka tarehe 21 Novemba.

Mwanamke aliye edani hapokei barua ya mwanamume asiye maharimu wake. Hii ninakuandikia imekuwa ruhusa kwa kuwa shehe anasema eda hii si eda. Mimi nasema ni eda. Kwa hiyo usinijibu.

Sikuzani Kondo, mjane wa Pazi Kibwana